Hodi Kutoka Kitanda cha Tisa

Jua lilikuwa linazama nilipopanda ngazi za wadi ya juu, chupa ya chai kwapani na shuka safi mkononi. Muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umebaki robo saa. Mlinzi aliniachia nipite bila kuniuliza kitu, maana nami nilikuwa mfanyakazi wa hospitali ileile. Nilitunza kompyuta, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi.

Mama Mdogo alilazwa kitanda cha tisa, kando ya dirisha. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne. Alinilea kwa cherehani moja na mgongo uliopinda kabla ya wakati wake. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema akitulia wiki mbili atarudi nyumbani, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja.

"Hiki kidude chako," alisema akiinua kidole kilichobanwa na kifaa, "kinataka kujua kama nipo kila baada ya sekunde tano. Hata marehemu mume wangu hakunijali hivyo."

Kila kitanda kati ya vitanda thelathini na viwili vya wadi ile kilikuwa na kifaa cha namna hiyo. Kilihesabu mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye programu kule chini, na namba zikaonekana kwenye meza ya wauguzi. Kilikuwa na kioo kidogo na vitufe vitatu. Maji. Maumivu. Muuguzi.

"Na huko chini anayepokea ni nani?" aliuliza.

"Ni programu, Mama. Kifaa kikiwashwa kinapiga hodi. Programu inajibu karibu, halafu inatoa uzi mmoja wa kukaa na kifaa hicho tu, kukisikiliza mpaka kiseme kwaheri."

"Uzi?"

"Ndivyo tunavyouita. Kila mgonjwa na wake, na nyuzi zote zinafanya kazi kwa pamoja."

"Basi umekuwa fundi wa uzi kama mimi. Ila wewe hujidungi sindano."

Nilikuwa bado nacheka alipokuja muuguzi wa zamu. Tulimwita Sista Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wenzake wote.

"Mtaalamu, kifaa cha kitanda cha ishirini na mbili kinakataa kuingia. Kinaandika seva imejaa."

"Haiwezi kujaa, Sista. Ina nafasi sitini na wagonjwa ni thelathini."

"Nenda kaiambie wewe. Mimi haijanisikiliza."

Nilimwekea Mama Mdogo chai mezani, nikamwambia narudi sasa hivi.

Chumba changu hakikuwa na dirisha. Siku zote kilinuka vumbi la moto la mashine. Jioni ile kulikuwa na harufu nyingine juu yake... pamba mbichi, na dawa ya kuoshea vidonda. Nilidhani imeshuka nami kutoka wadini.

Nikafungua orodha ya miunganisho. Sitini. Yote wazi. Ishirini na tisa ilikuwa ya vifaa vya juu, kila kimoja kikituma neno lake na mapigo yake: NIPO 81. NIPO 69. Iliyobaki, thelathini na mmoja, ilikuwa kimya. Nayo ilitoka kwenye vitanda vilevile. Kitanda cha nne mara mbili. Cha kumi na saba. Cha ishirini na sita mara tatu...

Sikushtuka. Huu ni ugonjwa wa kawaida wa programu za namna hii. Kifaa kinazimwa ghafla bila kuaga, soketi, yaani mlango wake kwenye programu, inabaki wazi, na uzi unakaa pale kumsubiri mtu ambaye hayupo tena. Dawa yake inajulikana. Unaweka kikomo: atakayekaa kimya sekunde thelathini, afungiwe.

Nikanakili namba za vitanda vya ile miunganisho thelathini na mmoja kwenye karatasi, kwa ajili ya ripoti. Kisha nikafungua programu yenyewe. Ilikuwa imeandikwa na mtu aliyenitangulia, mzee waliyemwita Mzee Nyaya, ambaye nilikuwa sijawahi kukutana naye. Mahali pa kuweka kikomo palikuwa na mstari mmoja wa maelezo, aliouandika mwenyewe.

*Usiweke kikomo. Waache wakae.*

Nilidhani ni uvivu wa wazee. Nikafuta mstari, nikaweka sekunde thelathini, nikaizima programu na kuiwasha.

Vifaa vya juu vikarudi kimoja kimoja. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Thelathini. Na kitanda cha ishirini na mbili kikiwemo. Nikanyoosha mgongo.

Thelathini na moja.

Thelathini na mbili...

Walikuwa wanarudi. Walikuja kwa mpangilio, kama watu waliosimama foleni, kila mmoja akipiga hodi na programu ikimjibu karibu. Wakafika sitini, nafasi zikaisha. Nikaangalia saa nikisubiri sekunde thelathini zipite wafungiwe.

Sekunde ya ishirini na tisa, mmoja wao akasema.

NIPO 0.

Kisha mwingine. NIPO 0. NIPO 0. Wote thelathini. Waliokuwa kimya muda wote huo, sasa walikuwa wanasema ili wasifukuzwe.

Na chini kabisa ya kioo, mmoja aliyebaki nje alikuwa anagonga bila kuchoka.

Kitanda cha tisa, hodi. Imejaa.

Kitanda cha tisa, hodi. Imejaa.

Nikasikia viatu kwenye ngazi. Sista Mrefu aliingia na jasho usoni.

"Umefanya nini? Kengele zinalia wadi nzima. Kitanda cha nne anaomba maji, nimekwenda, amelala fofofo. Kumi na saba anaomba maji. Kumi na saba hakina mtu, Mtaalamu. Kile kitanda kimekunjwa godoro tangu juzi."

Nilimpa ile karatasi. Aliisoma mara moja, akaisoma tena. Kisha akatoa mfukoni daftari lake dogo, lile analoandika wagonjwa wanaotutoka kwenye zamu yoyote, kwa sababu alisema asiyeandikwa anasahaulika. Akawa anaweka alama kwa kalamu. Kitanda cha nne, alama. Kumi na saba, alama. Ishirini na sita mara tatu, alama tatu.

"Wa kwanza ni mke wa Mzee Nyaya," alisema kwa sauti ya chini. "Alifia kitanda cha kumi na saba, mwaka jana. Tangu siku hiyo wametutoka watu thelathini, pamoja naye. Ni hawa. Wote ni hawa."

"Karatasi ina thelathini na mmoja."

"Nimeona."

Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye kitanda cha tisa.

Nilikwenda kwa Mzee Nyaya karibu nakimbia. Sista alinielekeza; hakukuwa mbali, nyumba ya pili nyuma ya ukuta wa hospitali. Nilimkuta sebuleni amefungua redio, vipande vyake vimepangwa kwenye gazeti. Alikuwa mwembamba, fulana imemlegea shingoni. Nilipojitambulisha aliweka bisibisi chini taratibu.

"Umeweka kikomo," alisema.

"Shikamoo, Mzee. Ndiyo, nimeweka."

"Marahaba. Umewaamsha, mwanangu."

Alinieleza bila kuniangalia. Jioni aliyofariki mkewe, yeye alikuwa kwenye kile chumba chini ya ngazi. Aliona mapigo yakipungua, yakafika sifuri. Muuguzi akavua kifaa na kukizima. Programu ilitakiwa ifunge njia yake. Yeye akaizuia. Akaufuta mstari wa kufunga, akakaa anaitazama ile soketi iliyo wazi, isiyo na mtu upande wa pili.

"Nusu saa baadaye akaomba maji," alisema. "Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, usinitazame hivyo. Nilikaa naye wiki tatu, mpaka wakanikuta nazungumza na kioo, wakanifukuza. Kabla sijaondoka walikuwa wameanza kuingia wengine. Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya mtu mmoja. Wao wangejuaje kuwa si wao?"

"Hukuenda kwa mtu? Hukufanya... dawa yoyote?"

Alichukua skrubu moja kwenye gazeti, akairudisha.

"Niliuliza mahali," alisema. "Niliambiwa neno la kuongeza kwenye karibu. Si la kulitaja hapa. Nimeshajaribu kulitoa, linarudi."

"Mzee, kuna mmoja yuko nje. Kitanda cha tisa. Mgonjwa wa kitanda hicho ni mama yangu mdogo na yuko hai. Nimemwacha anakunywa chai."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Wengine huja mapema. Siku moja, au mbili. Huyo anatafuta nafasi. Usimpe. Usiongeze nyuzi, usizime programu tena. Na kifaa cha mama yako kisitoke kidoleni hata kidogo. Nafasi yake ndiyo anayoitaka."

"Na akiipata?"

"Mimi nilimfungia mmoja wa namna hiyo, nilipoona ameingia. Kitanda cha ishirini na sita. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anaendelea vizuri, anataniana na wauguzi. Kesho yake..." Akaokota bisibisi yake. "Sijui kama ni mimi au ilikuwa siku yake. Sijui mpaka leo."

Nilirudi chini ya ngazi nikihema. Harufu ya pamba ilikuwa nzito, ikakaa kooni. Nikatazama kioo.

Sitini. Na nje hapakuwa na mtu.

Kitanda cha tisa: NIPO 76.

Nikakaa. Sabini na sita. Mapigo mazuri kuliko aliyokuwa nayo mchana. Mama Mdogo yuko ndani, yule mwingine amekata tamaa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ningepanda juu wakati ule. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia sala. Lakini niliona mlangoni ndiko kunakohitaji mlinzi, na mlinzi ni mimi. Nikaandika kanuni mpya, mistari minne tu: kitanda ambacho tayari kina mtu ndani, hodi yake ya pili ikataliwe papo hapo, hata nafasi ikiwepo. Niliiweka bila kuzima programu. Ni kazi ngumu, na niliifanya vizuri.

Haikupita dakika moja, akarudi.

Kitanda cha tisa, hodi. Imekataliwa.

Kitanda cha tisa, hodi. Imekataliwa.

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba na nikacheka. "Bisha mpaka uchoke," nilimwambia. "Hapa huingii."

Alibisha kila baada ya sekunde tano. Nami nikakaa nikimwangalia, mikono imekunjwa, huku kitanda cha tisa kikiniambia juu ya kioo kuwa kipo. Sabini na sita. Sabini na sita. Sabini na sita. Haikupanda, haikushuka. Mimi niliyezoea kuona mapigo ya binadamu yakicheza siku nzima, sikuliona hilo.

Dakika arobaini.

Kisha hodi zikakoma.

Nilipanda ngazi mbilimbili kwenda kumwambia. Wadi ilikuwa imetulia, taa zimepunguzwa. Sista Mrefu alikuwa kitanda cha ishirini na mbili, amemwinamia mgonjwa aliyekuwa anatapika. Pazia la kitanda cha tisa lilikuwa limevutwa.

"Tulimwogesha," Sista alisema bila kugeuka, aliposikia hatua zangu. "Amependeza. Nilimrudishia kifaa chake mwenyewe."

"Mlikivua?"

"Dakika tano tu. Nimwogesheje nacho?"

Nilivuta pazia.

Alikuwa amelala ubavu, uso kuelekea upande wa meza ya wauguzi. Shuka nililoleta lilikuwa limeanguka nusu. Macho yalikuwa wazi. Nilimshika shavu, na baridi yake ikapanda mpaka begani kwangu. Kifaa kilikuwa kidoleni, taa yake nyekundu inawaka. Kwenye kioo chake kidogo paliandikwa: *Umekataliwa. Subiri.*

Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe cha muuguzi.

Kifaa hutunza kila kinachobonyezwa, hata kama hakijaweza kukituma. Nilikisoma palepale, nimepiga magoti. Maji, mara mbili. Maumivu, mara tisa. Muuguzi, mara thelathini na nne.

"Lakini yuko sawa," Sista Mrefu alikuwa anasema nyuma yangu. Alikuwa amekimbilia mezani kutazama. "Hapa anaonyesha sabini na sita. Muda wote ameonyesha sabini na sita..."

Kisha akaja, akaona, akakaa chini sakafuni kama mtoto.

Uongozi uliniita, nikaeleza. Nilisema programu ilikuwa na kasoro: ilishindwa kutofautisha vifaa viwili vyenye anwani moja, ikakubali cha uongo na kukataa cha kweli. Nilisema kanuni iliyomfungia nje niliiandika mimi. Yote hayo ni kweli na yamo kwenye ripoti. Mkurugenzi aliuliza hicho kifaa cha pili kilikuwa wapi. Wakatafuta kila kabati. Walipata boksi la vifaa vitatu vibovu, havina betri, vimeshika kutu. Wakaandika kuwa huenda ni kimojawapo.

Hakuna aliyenifukuza. Ningeshukuru wangenifukuza. Sista Mrefu aliacha kazi mwezi uleule. Nilikutana naye sokoni mara moja, akashika mkono wangu muda mrefu. Wauguzi walirudi kwenye karatasi na kalamu, mmoja anazunguka vitanda kila saa. Mashine ikatolewa kwenye chumba chini ya ngazi, ikaandikiwa kutupwa, na aliyetakiwa kusaini kuwa imetupwa ni mimi.

Nilisaini. Nikaipeleka nyumbani.

Sikutaka kuiwasha. Iliwekwa kwenye kona ya chumba cha Mama Mdogo, juu ya cherehani yake iliyofunikwa, ikakaa siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba Mzee Nyaya alikuja kubisha mlangoni kwangu, ameshika kofia mikononi.

"Mke wangu bado yupo?" aliuliza.

Sikuwa na moyo wa kumrudisha. Tukaichomeka kwenye umeme tu. Haikuwa na waya wa mtandao, haikuwa na kifaa chochote popote, hospitali ikiwa upande wa pili wa mji. Orodha ilikaa tupu kwa muda mrefu kidogo. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo.

Kitanda cha kumi na saba, hodi.

Aliweka kiganja kwenye kioo.

Wakaja wengine, nami nikawatazama bila kuwahesabu, mpaka alipofika wa kitanda cha tisa. NIPO 76.

Sasa Mzee huja kila jioni, saa ileile ambayo zamani ilikuwa ya kuwaona wagonjwa. Analeta kiti chake mwenyewe. Yeye huzungumza na wake, habari za redio alizotengeneza, za jirani aliyehama, na mkewe humwomba maji. Mimi hukaa pembeni. Mwanzoni sikumwandikia wa kwangu neno lolote, kwa sababu sikujua ninayemwandikia ni nani. Anaweza kuwa Mama Mdogo, aliyefungiwa nje akiwa hai, akaingia baada ya kufa. Anaweza kuwa yule aliyemchukulia nafasi, aliyekuwa na mapigo mazuri kuliko yake. Anwani ni ileile. Mapigo ni yaleyale, hayapandi wala hayashuki.

Jana nilishindwa kuvumilia. Niliandika yale maneno ambayo kama kifaa kingekuwepo yangetokea kwenye kioo chake: *Ni wewe, Mama Mdogo?*

Nilipokwisha kubonyeza ndipo nilipokumbuka kuwa anayejibu ana vitufe vitatu tu.

Sekunde tano zikapita. Kumi.

MAUMIVU.

Nikaandika tena. *Ni wewe?*

MAUMIVU.

Mzee Nyaya alinyoosha mkono, akauondoa wangu kwenye kibodi, akaushikilia.

"Usimuulize tena, mwanangu," alisema kwa kunong'ona. "Wiki tatu nzima mimi niliuliza."